Kiti cha Ngozi Hakiazimwi

Mwezi uliopita, mwanzoni mwa kiangazi, mwanamke mmoja mwenye mvi alisimama langoni kwetu hapa Kenya, mtaa wa Lubumbashi, kikapu cha samaki wakavu kichwani na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Hakupiga hodi kama watu. Aliuliza kwa sauti ambayo majirani wa pande zote waliisikia: "Ni hapa njo anaikala mama wa kinga?" Wajukuu zangu waliangua kicheko. Kinga kwetu Lubumbashi ni baiskeli, na siku hizi mimi nakwenda sokoni kwa mkongojo, tena kwa kununa. Nikamwambia aingie, atue mzigo, anywe maji kwanza. Hakunywa. Alinitazama kama mtu anayelinganisha sura na picha, kisha akasema, "Miye njo Leokadi. Leokadi wa kule mbele ya kufika Kasomeno." Lengalenga, mchicha wetu, niliyokuwa nachambua ikanimwagika yote miguuni. Binti huyo, namwita binti ingawa ana wajukuu kama mimi, nilimpokea kwa mikono hii mwaka ule ambao Katanga ilijitangaza nchi na kupandisha bendera yake, na kwao wakampa jina langu. Sikuwa nimemwona tangu alipokuwa anatambaa. Tulilia, tukacheka, tukapika bukari, ugali wetu, na wale samaki wake, na alipokwisha kunawa mikono akauliza lile lililomleta: "Mama, ile sele ingaliko?" Nikamjibu ipo. "Naweza kuikala? Kidogo tu?"

Wajukuu wakageuka kunitazama. Hakuna mtu wa nyumba hii asiyejua kwamba sele yangu, yaani kile kiti cha ngozi cha baiskeli yangu, hakikaliwi na mtu. Nilimnyima marehemu mume wangu, na nilimpenda. Niliwanyima wanangu wa kiume mmoja baada ya mwingine, wakanuna, wakakua, wakanunua zao. Nilimnyima hata padri wa parokia siku pikipiki yake ilipomzimikia mbele ya lango langu, naye alikuwa na misa ya kusoma. Watu wanadhani ni uchoyo wa kizee. Si uchoyo, na mimi si mtu wa kujitetea ovyo. Nilichomjibu Leokadi nitakisema, ila yule asiyeujua mwaka ule hatakielewa, kwa hiyo anivumilie.

Mwaka ule niliishi kwa mama mdogo Ngoie, mjane, katika nyumba hii hii, wakati ule ya vyumba viwili, hapa hapa Kenya, si mbali na soko. Mji ulikuwa ukiitwa Elisabethville bado. Chumba nilicholala ndicho kilichokuwa na kitanda cha chuma, kabati la vyombo, sanamu ya Bikira Maria iliyokatika kidole, na baiskeli ya marehemu Baba Kasongo ikining'inia ukutani kwa kamba mbili. Baba Kasongo alikuwa mtu wa reli, mpana, wa kucheka kwa tumbo, naye alikufa kabla ya uhuru. Kila Jumapili baada ya misa mama mdogo alipanda juu ya kiti cha mbao akaifuta ile baiskeli, vyuma kwanza, kisha kengele, na mwisho kabisa sele. Ilikuwa ya ngozi nene, nyeusi kwa kuzeeka, imepigiliwa kwa misumari ya shaba, na juu yake kulikuwa na mabonde mawili yaliyochimbwa na matako ya Baba Kasongo kwa miaka yote aliyoipanda kwenda kazini. Ngozi ndivyo ilivyo: inamsoma mwenyewe polepole, na ikishamsoma haimsahau. Mama mdogo alipitisha kitambaa katika yale mabonde taratibu sana. Wakati mwingine aliacha mkono wake palepale, akaanza kunisimulia bei ya unga.

Mchana nilikuwa kwa masista, kwenye nyumba ya wazazi, yaani ya kujifungulia, nikijifunza kuzalisha. Nasema kujifunza, lakini ukweli ni kwamba kutwa nzima nilikuwa kwenye beseni la kufulia mashuka, na kuzalisha nilikuangalia kwa jicho moja kupitia mlango ulioachwa wazi. Hata hivyo jicho moja linatosha kwa mwenye hamu. Katika miezi ile petroli ilikuwa ya wanajeshi, na gari la masista lilichukuliwa na jandarme, askari wa Katanga, eti kwa kazi ya taifa. Ndege za ONU, Umoja wa Mataifa, zilipita juu ya mapaa, sisi tukaingia chini ya vitanda, zikiisha kupita tukatoka kuendelea kufua. Mama wa vijijini, njia ya kwenda Kasenga, wakawa hawana mtu wa kuwafikia. Ndipo mkubwa wetu, Masere Godeliva, sista mrefu mwenye miguu mikubwa na moyo mzuri aliouficha chini ya makelele, alipotutangazia kwamba anatafuta mtu mmoja wa kuzunguka vijiji vile kwa baiskeli, na sanduku la dawa nyuma. Placide, muuguzi kijana aliyejua kufunga vidonda vizuri na kujifunga tai vizuri zaidi, alinyoosha mkono. Mimi nikanyoosha wangu, ungali na povu la sabuni.

Jioni hiyo nilikuwa nyuma ya mashuka yaliyoanikwa nikamsikia Masere Godeliva akizungumza na sista mwenzake. "Huyu musichana atarudishwa na machela," mwenzake alisema. Masere akajibu, "Aende. Akishindwa, atarudi ku beseni yake na atatulia." Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyonichoma. Nililitazama lile beseni la mashuka, nikajiona nimezeekea pale, mikono myeupe kama samaki wa mtoni, nikisikia watoto wanalia upande wa pili wa mlango maisha yangu yote. Nilitaka ile njia ya Kasenga kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Masharti yalikuwa wazi: Placide na mimi tuende pamoja mpaka kijiji kimoja kabla ya kufika Kasomeno, ambako kulikuwa na mama anayekaribia kujifungua, na atakayefika akiwa bado anafaa kwa kazi ndiye atakayepewa njia.

Mama mdogo aliponisikia alikwenda moja kwa moja chumbani. Alipanda kile kiti cha mbao akafungua kamba, akaishusha baiskeli ya mumewe. Majirani ndio waliosema. Mwanamke akikaa juu ya sele kizazi kinahama, walisema. Kinapanda mpaka kifuani. "Basi nitazalia mudomo," nikawajibu, na mama mdogo akanipiga kofi la mgongo, lakini alikuwa anacheka. Nilijishonea suruali pana ya kitenge, ukiiona kwa mbali unadhani ni sketi, nikaanza mazoezi kando ya reli. Hapo ndipo nilipojua kwamba mabonde ya mtu mwingine ni adhabu. Yale ya Baba Kasongo yalikuwa mapana na mbalimbali, na katikati yao kulikuwa na mgongo wa ngozi iliyokauka ukutani, mgumu kama mchi. Kila jioni nilirudi nikaketi ndani ya beseni la maji ya chumvi, nikaguna. Mama mdogo alikuwa upande wa pili wa pazia akisonga bukari, na kila nilipoguna aliacha kusonga.

Sasa, yeyote aliyelelewa na watu wa kaskazini kama sisi anajua mawese ni nini nyumbani. Mafuta ya ngazi, tunayaita, ni mekundu, na si chakula tu. Mtoto akizaliwa anapakwa. Kifua kikibana, unapakwa. Mlango ukilia, bawaba zinapakwa. Nywele zikikatika, mikono ikipasuka, mafuta ya ngazi. Na mwaka ule hayakuwepo, kwa sababu reli ya kwenda kwetu ilikuwa imekatika kwa vita na hakuna debe lililoshuka kutoka Kongolo. Mama mdogo alikuwa na kopo moja chini ya kitanda, la mwisho, analiwekea sikukuu. Siku moja kabla sijaamka alilipasha moto, akalimimina lote juu ya sele, juu na chini, akasugua mpaka ngozi ikakataa kunywa zaidi. Hakuniambia. Alitaka nipande nione raha yenyewe, nimshukuru baadaye.

Na kweli niliona raha. Nilipanda asubuhi ile nikiwa na sare yangu nyeupe, na sele ilikuwa laini ajabu. Nikapita katikati ya soko la Kenya nikipiga kengele bila sababu. Nilisikia kicheko nyuma yangu, kikapokelewa na meza ya pili, na ya tatu. Muuza kapenta mmoja, wale dagaa wa ziwani, akaita kwa huruma iliyosikika mpaka barabarani, "Leokadi! Mwezi imekufikia mu njia, mama!" Nikajitazama nyuma. Sare yangu ilikuwa nyekundu kuanzia kiunoni mpaka magotini. Nilishuka nikasukuma baiskeli mpaka kwa masista, na Masere Godeliva alinipokea mlangoni, akanizungusha kama nguo dukani, akasema, "Unaanza vizuri." Placide alikuwa nyuma yake na baiskeli yake mpya. Alikuwa na sele iliyoletwa na mjomba wake kwa treni ya Sakania, ya sponji, imevishwa ngozi ya bandia inayong'aa, na springi nene kama vidole vyangu. Aliibonyeza kwa kidole, ikazama, ikainuka. "Mukate," alisema. "Iko paka sawa mukate ya moto, dada." Sikumchukia. Ila niliitamani sele yake, na hilo lilinikera zaidi.

Niliporudi nyumbani sele ya Baba Kasongo ilikuwa imelegea kabisa. Katikati ilikuwa imening'inia mpaka inagusa chuma cha chini, na yale mabonde mawili hayakuwepo tena. Mama mdogo aliigusa, akatafuta kwa vidole vyake mahali yalipokuwa. Akaketi sakafuni. "Ilikuwa njo kitu ya mwisho ile ilikuwa inamujua," alisema. "Nimemuzika Kasongo mara ya pili, na mikono yangu." Nikaketi naye. Niliona aibu ya soko, niliona Placide na mkate wake, niliona beseni langu la mashuka likinisubiri, lakini kilichonivunja moyo ni huyu mama aliyenipa mafuta yake ya mwisho. Tulilia pamoja vizuri, bila haraka, mpaka makaa yakazimika jikoni.

Yeye ndiye aliyeacha kwanza. Alipangusa pua kwa ncha ya kitenge, akaibonyeza ile ngozi iliyolegea, akaniuliza kwa sauti ya kikazi, "We unajifunza kuzalisha, sivyo? Tumbo ya muzazi ikilegea hivi, tunafanya nini?" Nikasema, "Tunakamua, tunafunga." "Shi njo hivyo," akasema, na akainuka. Mama mdogo Ngoie alikuwa amefunga matumbo ya wanawake wote wa mtaa ule. Mwanamke akishajifungua anakandwa kwa maji ya moto, kisha anazungushiwa kitambaa kirefu, kinavutwa na watu wawili, na tumbo linarudi. Basi tuliitendea sele kama mzazi. Tuliizika ndani ya unga wa muhogo, unga ukanywa mafuta ukawa mwekundu, tukaubadilisha, tukaubadilisha tena, mpaka ukatoka mweupe. Tukaikanda kwa maji ya vuguvugu. Tukachana mpira wa zamani wa tairi kuwa mikanda, mama mdogo akashika upande mmoja na mimi mwingine, mguu wangu ukiwa ukutani, tukavuta na kuzungusha kutoka mashavuni kwenda chini, tukivutana na kutukanana, mpaka ngozi ikapanda juu. Chini ya pua ya sele kuna nati. Tuliikaza kidogo kidogo kwa spana ya jirani, kama unavyokaza ngoma. Tukaiacha kivulini. Ilipokuwa bado na unyevu kidogo tukaifungua, tukaipaka kwa chini tu mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na vipande vya mishumaa ya kanisani, na mama mdogo akasema, "Sasa panda, ikala. Usishuke."

Baiskeli aliibana kati ya kitanda na kabati, na mimi nikakaa juu yake humo chumbani kama mtawala. Nilikula bukari na ndakala, samaki wadogo wakavu, juu ya baiskeli. Nilichambua maharagwe juu ya baiskeli. Jirani mmoja alikuja kuomba moto akanikuta nimekaa pale, na mama mdogo amesimama chini ananipokeza sahani, akarudi kwao bila moto na habari ikaenea kwamba nimerogwa. Kila siku, nikirudi kazini, nilipanda tena. Na polepole nikaanza kuisikia: hapa imeshuka kidogo, pale imenipisha. Kulikuwa na mabonde mapya, membamba, ya karibu karibu. Jumapili baada ya misa mama mdogo akaja na kitambaa chake, akafuta vyuma, akafuta kengele, akafika kwenye sele akasimama. Alipitisha kidole katika bonde moja, kisha la pili. "Kasongo ametoka," akasema. "Hapana mubaya. Amekupisha we. Lakini sikya, Leokadi: hii usimupe muntu. Ngozi haiwezi kujua bantu babili." Niliapa, na kiapo chenyewe ndicho hiki ambacho wajukuu wangu wanakiita uchoyo.

Tuliondoka na Placide asubuhi yenye mawingu, yeye na filimbi yake mdomoni, mimi na sanduku la dawa nyuma na beseni la bati la kuzalishia limefungwa juu yake. Barabara ya Kasenga wakati ule ilikuwa udongo mwekundu wenye mawimbi, na kila wimbi linapanda kupitia gurudumu mpaka kwenye meno. Mwanzoni Placide aliniacha mbali. Alikaa juu ya sponji yake kama bwana harusi, akageuka kunipungia mkono. Mimi nilikwenda mwendo wangu, na ile ngozi chini yangu haikuwa laini, sitawadanganya. Ilikuwa imara, imenishika pale mifupa inapotaka kushikwa na kuniachia kwingine kote. Sponji inakukaribisha kwa mikono miwili kisha inakuchoka. Ngozi inakukatalia kwanza, ikishakukubali hamuachani. Kufikia jioni, tulipofika kwa katekista aliyetulaza, Placide alikuwa amekwisha kuacha filimbi.

Kesho yake mvua ilitukuta kwenye kizuizi cha jandarme. Ngozi haipendi kulowa ukiwa hujaikalia, kwa hiyo niliposhuka tu nililifungua beseni la bati nikaifunika sele. Jandarme mmoja kijana, bunduki begani, akaja mbio. "Munaficha nini pale chini?" Akainua beseni kwa ncha ya bunduki. Aliiona sele, akaibonyeza kwa gumba, uso ukamlegea. "Baba yangu alikuwa na moja kama hii," akasema. Kisha akashika usukani. "Ngoja niijaribu. Nitazunguka nayo paka pale ku mustari wa miti." Placide alitazama miguu yake. Mimi nilijua kwamba baiskeli ikienda mpaka kwenye miti ile haitarudi, na njia yangu ya Kasenga itaishia hapo, na mashuka yananisubiri. Mdomo wangu ukasema kabla yangu. "Pardon, chef. Iko sele ya kuzalisha. Mwanaume akiikala, mutoto wake mwenye anakuya atatoka miguu mbele." Hakuna mila kama hiyo mahali popote duniani, niliitunga pale pale, mvua ikinitiririka shingoni. Jandarme aliachia usukani kana kwamba una moto. "Bibi yangu iko na mimba," akasema taratibu, yaani mkewe. "Basi umusalimie," nikamwambia, "na umukatalie bitu bya chumvi." Alitufungulia kizuizi mwenyewe, akalirudisha beseni juu ya sele kwa mikono yake miwili. Placide alingoja mpaka tukapotea kwenye kona ndipo alipocheka, akacheka mpaka akaanguka majanini na baiskeli yake.

Lakini ile mvua ilikuwa imemwingia. Ngozi ya bandia ilipasuka kwenye mshono, sponji ikanywa maji, na kila alipokaa ilitoa mlio na kumlowesha upya. Kisha springi moja ikakatika, ikamchoma. Alikanyaga pedali akiwa amesimama, halafu akashuka, halafu akaanza kutembea miguu ikiwa mbalimbali. "Enda, dada," akaniambia. "Ule mama hatatungojea. Miye nitafika na miguu." Nilisita, maana alikuwa mwenzangu. Akaninyang'anya pakiti ya mikate ili nisibebe uzito, akaanza kuila palepale. "Enda!" Nikaenda. Jamani, nilikwenda! Mvua ilikatika, barabara ikateremka, na nikasikia mwili wangu wote mzima, mgongo mzima, viuno vizima, nimekaa kama nimekaa kwangu. Niliimba. Nilimshukuru Baba Kasongo kwa sauti, nikawaamkia nyani.

Nilifika kijijini jua likiwa bado juu, na wanawake walikuwa tayari wamesimama nje ya nyumba ya mwisho wakiniangalia nilivyoshuka. Mimi nilikuwa mzima. Nilinawa, nikaingia, nikapiga magoti, na magoti yakakubali. Mama yule alikuwa na uchungu tangu jana yake na nguvu zilikuwa zinamwishia. Mtoto alikuwa amegeuza uso tumboni. Yote niliyoyaona kwa jicho langu moja kupitia ule mlango yalinirudia mikononi, moja moja, kwa utaratibu wake. Kichwa kilipotoka nilisikia ukimya, kisha nilisikia kilio, na vigelegele vikapokea nje, na mimi nikalia kuliko mtoto. Alikuwa msichana. Bibi yake aliniuliza jina langu nani, nikamwambia, akarudi ndani, akalisema sikioni mwa mtoto.

Placide alifika asubuhi iliyofuata, anatembea kama bata, baiskeli mkononi. Alinikuta mbele ya nyumba ile, juu ya kigogo, nimekunja miguu, nakula samaki wa kuchoma. Mama na mtoto walikuwa kivulini, tumbo la mama limefungwa vizuri. Placide hakuuliza habari za mtoto. Alinitazama chini. "Unaikala?" akasema. "Leokadi, ungali unaweza kuikala?" Nikamkaribisha kwenye kigogo. Alikataa kwa heshima zote, akala wa kwake akiwa amesimama. Tuliporudi mjini Masere Godeliva alitupokea ofisini akatuonyesha benchi, na Placide akasema yeye anapenda ukuta. Masere alimtazama yeye, akanitazama mimi niliyekaa, mikono magotini, kisha akacheka kicheko ambacho hatukujua anacho. "Njia ni yako," akaniambia. "Na ile beseni ya mashuka, nitamutafutia muntu mwingine." Placide ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. Alibaki kwenye zahanati ya mjini, akazeeka humo kwa furaha, na mpaka alipofariki alisimulia habari ya jandarme vizuri kuliko mimi.

Nilipita soko la Kenya kwa kusudi, nikiwa juu ya sele, sare nyeupe, kengele mkononi. Muuza kapenta alisimama juu ya meza yake. Kwenye lango letu mama mdogo Ngoie alikuwa amekwisha kusikia, na alikuja mbio barabarani, nguo ikimvuka, akipiga vigelegele, akaikumbatia baiskeli kwanza na mimi baadaye. Niliitembeza njia ile mpaka vita vikaisha, Katanga ikarudi Kongo, mji ukabadilishwa jina, petroli ikaja ikaondoka tena. Minyororo nilibadilisha, magurudumu nilibadilisha, hata fremu moja ilikatika ikachomelewa. Sele ni ile ile.

Basi nilimpeleka Leokadi chumbani. Baiskeli imeegemea ukuta ule ule, na mimi naifuta kila Jumapili baada ya misa, vyuma kwanza. Nikamwambia mjukuu wangu mkubwa ashike gurudumu la nyuma, mimi nikashika usukani. Mjukuu alinitazama kama nimechanganyikiwa. "Panda, mwanangu," nikamwambia Leokadi. "Ikala. Siku ile nilikuya kukutafuta, we na miye na hii sele, tulikuwa batatu." Alipandisha kitenge chake, akapanda kwa shida, akatulia. Alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa kwamba inamuumiza, maana mabonde yale si yake.

"Mama," akasema, "inanijua."

Nilitazama pembeni kidogo, nikapangusa uso kwa ncha ya kitenge. Mjukuu wangu, gurudumu mkononi, akaona hapo ndipo pa kujaribu bahati yake kwangu mimi bibi yake. "Na siye, kambo?"

"Hapana," nikamwambia. "Nyinyi mulizaliwa ku hopitali."